SEHEMU YA 9: Usimtabirie mama, mwandalie

Mama zangu, wadogo zangu, na nyie kina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu ya mke, niliahidi sehemu hii itakuwa ya maandalizi ya kujifungua, na ahadi iko palepale. Ila leo tunapitia Kigali kwanza, tena kwa baiskeli. Nivumilieni, njia yake inarudi Ilemela.

Mwishoni mwa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika, na yalikuja kwa majirani zetu kabisa: ukivuka daraja la Kigongo–Busisi, ukapita Sengerema na Geita, unakwenda mpaka Rusumo, mbele yake ni Rwanda. Kazini kwetu aliyetuambukiza habari hizi ni dereva wa gari la wagonjwa. Kakulia kwenye keria ya baiskeli kama watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, na mbio hizi anazifuatilia kama wenzake wanavyofuatilia Simba na Yanga. Wiki nzima ubishi ulikuwa mmoja tu: nani atashinda?

Ngoja niwaeleze kwa nini swali hilo ni gumu. Kuna mbio za wiki tatu, kama zile za kuzunguka Ufaransa. Kule ukipata siku mbaya leo, kesho unajipanga upya. Za siku moja hazina kesho. Mnaanza asubuhi, jioni hesabu imefungwa. Zikipita kwenye barabara ya mawe ndiyo balaa zaidi. Sisi wa Mwanza barabara ya mawe hatuhitaji kuonyeshwa picha. Ni zile zinazopanda milimani kwenye makazi yetu, mawe yamepangwa moja moja. Ukipanda bodaboda humo na mimba ya miezi minane, kila jiwe unalijua kwa jina. Sasa fikiria mtu anapita juu ya mawe kwa tairi jembamba, mbio kali, na wenzake zaidi ya mia wanagombea njia hiyo hiyo.

Maarufu kuliko zote za aina hiyo ni Paris–Roubaix huko Ufaransa: kilomita kama 260, na kati ya hizo kama 55 ni mawe. Wanaotabiri kwa akili hawaangalii jina peke yake. Wanauliza: wiki mbili zilizopita alikuwa na nguvu? Mvua itanyesha? Upepo unatoka wapi? Ana wenzake wangapi wa kumsaidia? Ameshawahi kuzimaliza mbio hizi? Ni maswali mazuri, na yanasaidia. Lakini mwaka 2016 aliyeshinda alikuwa Mathew Hayman wa Australia, umri miaka 37, aliyekuwa amevunjika mkono wiki sita tu kabla. Alifanya mazoezi ndani ya nyumba, kwenye baiskeli iliyofungwa isiende popote. Siku ilipofika alimpiku Tom Boonen, ambaye mbio hizo alikuwa ameshazishinda mara nne.

Au chukua Biniam Girmay wa Eritrea. Machi 2022, akiwa na miaka 21, alishinda Gent–Wevelgem kule Ubelgiji, nayo ina vipande vya mawe. Hakuna Mwafrika aliyekuwa amewahi kuishinda. Jina lake lenyewe liliongezwa mwishoni mwishoni, maana mpango wake ulikuwa arudi Eritrea kwa mke na binti yao mdogo. Akashinda, halafu akaenda zake nyumbani kweli. Najua hapo akina mama mmetabasamu.

Haya, Kigali sasa. Jumamosi tarehe 27 walikuwa wanawake. Kilomita 164.6, wanazunguka njia ya kilomita 15.1, na kila mzunguko lazima wapande Kimihurura, kilima kilichotandikwa mawe. Wengi walimtaja Demi Vollering wa Uholanzi na wakubwa wenzake wachache. Wakubwa wale wakabaki wanaangaliana, kila mmoja anamngoja mwenzie afanye kazi. Mbele wakaponyoka wengine. Mara ya mwisho kupanda Kimihurura, Magdeleine Vallieres wa Kanada, miaka 24, akakanyaga pedali akawaacha aliokuwa nao. Bingwa wa dunia! Dereva wetu alikunja kikaratasi chake cha majina akakitia mfukoni, hakusema neno.

Kesho yake wanaume, kilomita 267.5. Huku utabiri ulitimia. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyekuwa midomoni mwa watu wote, alichomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100 na akafika mwisho peke yake. Lakini angalia hesabu: walioanza ni 165, waliomaliza ni 30. Hata aliyempatia mshindi hakuweza kukuambia ni nani atakwama na wapi. Wa pili, Remco Evenepoel wa Ubelgiji, baiskeli ilimsumbua njiani akabadilisha mara mbili. Medali ya fedha aliipata kwa sababu nyuma yake kulikuwa na gari lenye baiskeli za akiba. Na gari hilo halikupangwa kwa ajili ya wanyonge. Hata bingwa naye anafuatwa.

Shikilia hilo gari, mama. Sasa tunarudi wodini.

Zamani hata kliniki za wajawazito zilifanya kazi kwa kutabiri. Mama alipimwa urefu, akaulizwa umri na idadi ya mimba, halafu akawekwa fungu: huyu ni wa hatari, huyu hana shida. Wa hatari aliambiwa ajiandae, asiye na shida aliachwa na matumaini yake. Miaka ikaenda, wataalamu wakagundua kitu. Wengi walioitwa wa hatari walijifungua salama. Na wengi waliopata matatizo makubwa walikuwa wametoka kwenye lile fungu la wasio na shida. Ndiyo maana leo tunamwambia kila mjamzito, narudia, kila mjamzito, kwamba shida inaweza kumfika na lazima awe na mpango. Ndiyo maana pia tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na mtoa huduma angalau mara 8 katika mimba moja.

Hii haina maana vigezo havina kazi. Kama uliwahi kufanyiwa upasuaji, una mapacha, una presha au sukari, au uliwahi kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, usibishane na nesi anapokuambia ukajifungulie hospitali. Hizo ni dalili kama upepo na mvua kwa mwendesha baiskeli. Ninachosema ni kwamba kukosa vigezo hivyo si cheti cha usalama.

Nitawapa akina mama wawili. Nimebadilisha mambo madogo madogo wasijulikane.

Wa kwanza alikuwa binti mdogo wa umbo, mimba ya kwanza. Mtaani kwao walishamtabiria kisu. Shangazi yake alikuja nae akiwa analia kabisa, mkononi ana kanga kumi. Yule binti alijifungua kwa njia ya kawaida alfajiri, mtoto kilo 3.1, na saa mbili asubuhi alikuwa anaomba uji.

Wa pili alikuja na mimba ya nne. Watatu wa mwanzo aliwapata bila shida yoyote. Kwao alikuwa ndiye Pogačar. Watu wa nyumbani walimwambia, "Wewe mzoefu bwana, unawahi nini? Subiri uchungu ukolee." Mama mwenyewe akakataa. Uchungu ulipoanza tu akamwambia mumewe, twende. Akajifungua vizuri, mtoto akalia, wote tukafurahi. Dakika chache baadaye damu ikaanza kumwagika, maana mfuko wa uzazi ulilegea badala ya kukaza. Jamani, damu ya namna ile haingoji mtu avae viatu. Tulimkanda tumbo, tukamwongezea dawa ya kukaza mfuko, tukamwekea dripu, daktari akaja, damu ikatundikwa. Kundi lake la damu lilikuwa limeandikwa kwenye kadi. Kaka yake alikuwa nje, ameshaambiwa tangu mwezi wa saba kwamba huenda akahitajika kuchangia.

Yule mama anaishi. Namwona sokoni Kirumba akiwa na yule wa nne mgongoni, anabishana bei ya sangara. Mara nyingi huwa nawaza, angesikiliza ule utabiri wa nyumbani, hayo yote yangemkutia wapi? Kitandani kwake, kilimani, usiku, bodaboda ameshalala.

Kwa hiyo tukikutana kliniki ukaniuliza, "Nesi, nitajifungua salama?" mimi sitakujibu ndiyo au hapana. Nitakuuliza gari lako la akiba liko wapi. Liandae hivi:

Kwanza, chagua kituo utakachojifungulia, na ujue wakikupa rufaa utakwenda hospitali gani.

Pili, usafiri. Weka namba za watu wawili wenye chombo wanaopokea simu usiku. Kama unaishi mlimani, panga pia nani atakushika mkono mpaka barabarani. Mnaokaa mbali, huko Kayenze au Sangabuye, msingoje uchungu ukolee. Na kariri namba 115, ni bure. Ni ya mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakati wa dharura.

Tatu, lijue kundi lako la damu na uwe na watu wawili waliokubali kukuchangia. Waulize wakati huu wakiwa wametulia.

Nne, nani atabaki na watoto nyumbani? Mama wengi wanachelewa kwa sababu hiyo tu.

Tano, pesa. Kidogo kidogo, ikae mahali pamoja na iwe na kazi moja. Hapa kina baba wa mikeka tuelewane. Pesa ya kujifungulia haiingii kwenye kubeti. Najua maneno yenu: "Naizungusha mara moja tu, Jumamosi inarudi." Mmeona wenyewe Jumamosi ya Kigali ilivyowatenda waliokuwa na uhakika.

Na ukiona mojawapo ya haya, usisubiri tarehe wala usiulize majirani, njoo siku hiyo hiyo: kutokwa damu, kichwa kuuma sana au kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kupunguza kucheza.

Kazi ya nyumbani ni ndogo. Usiku huu, mkishakula, mkae wawili na kalamu. Andikeni jina la dereva, la wachangia damu wawili, na la atakayelala na watoto. Karatasi hiyo iingie ndani ya kadi ya kliniki. Ukikosa jina hata moja niandikie hapo chini, tusaidiane kulipata kabla siku haijafika. Hata wewe mwenye watoto wanne. Hata wewe uliyezaa wa mwisho kwa dakika ishirini.

Sehemu ya 10 tutaongelea kitovu cha mtoto na vile vitu mnavyopaka.