Mtu wa Tatu Sokoni

Kwa muda mrefu niliamini kwamba ukimsikiliza mtu kwa makini utajua anakotoka. Huku kwetu Karatina ni mazoea: mgeni akisalimia tu, wazee huanza kukisia kama ni wa Murang'a, wa Kiambu, au wa ng'ambo ya mto Sagana, kule Ndia na Gichugu. Gikuyu ni kimoja, lakini lahaja zake zina mipaka ambayo sikio huitambua kabla mtu hajataja kwao. Nililelewa na sikio la namna hiyo, nami sikuwahi kulitilia shaka.

Mwea ndiko imani hiyo ilikoanza kulegea. Pale Wang'uru, kando ya barabara kuu iendayo Embu, nilisimama kwa mama muuza mchele aliyekuwa akiongea Kigichugu na jirani yake. Nikamsalimia kwa Gikuyu cha Nyeri. Akaitikia vizuri, kisha akahamia Kiswahili: "Hii ni pishori ya mwaka jana. Nusa kwanza." Akanitilia punje chache kiganjani, nyembamba, zenye harufu ambayo huhitaji kuambiwa ni ya nini. Nikamjibu kwa Gikuyu. Akaendelea na Kiswahili chake, kwa upole, kuanzia bei hadi kwenye mizani. Niliondoka na mchele mzuri na unyonge kidogo moyoni, kana kwamba nimebisha hodi nikapokewa barazani.

Nilitafuta maelezo. Mwanaisimu Carol Myers-Scotton, aliyechunguza sana mazungumzo ya watu wa Nairobi, alionyesha kwamba anayechagua lugha anachagua pia haki na wajibu kati yake na mwenzake. Basi nikajiambia: Gikuyu kingenifanya jamaa, na jamaa huomba bei ya jamaa, Kiswahili kilitubakiza muuzaji na mnunuzi. Nilitosheka na jibu hilo, labda kwa sababu lilinihusu mimi.

Lakini kila nilipoikumbuka siku ile, kulikuwa na mtu niliyemsahau. Nyuma ya yule mama alisimama kijana wa kupakia magunia, Mkamba, ameshika mdomo wa gunia huku tukikubaliana kilo na ujira wa kubeba. Mazungumzo yale yalikuwa yake pia. Huenda Kiswahili hakikusemwa ili mimi nikae mbali. Huenda kilisemwa ili yeye asikie anachopatiwa. Wazo hilo lilinituliza na kunisumbua kwa pamoja, maana lilinionyesha jinsi nilivyohesabu watu wawili mahali palipokuwa na watatu.

Tena Mwea yenyewe haikuanza kama kijiji cha ukoo mmoja. Mashamba yale ya kunyunyizia maji yalianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, na mifereji ikachimbwa kwa mikono ya wafungwa wa Mau Mau. Baadaye familia zisizo na ardhi zikapewa ekari nne nne, katika vijiji vilivyochorwa na maofisa, chini ya kanuni za mwaka 1962 zilizoweza kumfukuza mtu shambani. Watu wa vilima tofauti wakajikuta kwenye mfereji mmoja, na aliye juu hawezi kufungulia maji bila kusemezana na aliye chini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, walipokataa kuipelekea Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji mpunga wao na kuukabidhi kwa ushirika wao, nadhani walikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kutafuta lugha ya kuwatosha wote.

Mwaka 1963 mwanaisimu William Labov aliandika kuhusu kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani. Vijana waliokusudia kubaki kisiwani walitamka irabu kama wavuvi wazee. Waliotaka kuhama hawakutamka hivyo. Sauti ilieleza mtu anataka kuishi wapi, na akina nani. Nimelirudia jambo hilo mara nyingi, kwa kuwa sikio langu la Karatina halikuwahi kuuliza hilo. Liliuliza asili tu.

Nilipopita tena Wang'uru, mama yule na kijana yule walikuwa wakisemezana kwa Kigichugu. Kijana alijibu bila kusita, na mahadhi ya Kikamba bado yakimsindikiza. Maelezo yangu ya mtu wa tatu yakayumba. Labda sasa anajiona wa hapo. Labda ni kazi iliyomlazimu, kwani asiyeielewa lugha ya anayemlipa huachwa nje ya mengi, na ukaribu wa namna hiyo una gharama ambayo mwenye lugha haioni. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde lugha zetu zote, nami naipenda ibara hiyo kwa dhati. Ila haiwezi kunieleza iwapo kijana huyu amekaribishwa au amemezwa.

Nilitaka kumuuliza. Kiswahili kingemkumbusha kwamba ni mgeni, Gikuyu kingemtaka anijibu kama mwenyeji, na Kikamba sikijui. Nikalipa, tukabeba gunia pamoja hadi garini, na swali bado ninalo.