Picha Moja Gazetini, Kundi Zima Chali!

Muulize yeyote aliyekulia mjini miaka ya 1990: wasanii wengi wa Marekani tuliwajua kwa sura kabla ya kuwajua kwa sauti. Majarida ya muziki yalikuwa yanauzwa kwa mkono wa pili kando ya barabara, pale Posta, yamepauka kwa jua na ukurasa wa katikati umeshachanwa. Tulinunua hivyo hivyo. Kiingereza wengi tulikuwa tunababaisha, lakini picha haihitaji kamusi, bwana!

Kwa picha hizo tukagawana mtaa. Toleo la Septemba 1996 la jarida la Vibe liliwaweka Notorious B.I.G. na Puff Daddy jaladani, na maneno makubwa: Mashariki dhidi ya Magharibi. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa watu wachache na kampuni mbili za muziki, Bad Boy ya New York na Death Row ya Los Angeles. Lakini weka sura kubwa, weka na maneno makubwa pembeni, tayari umepata majeshi mawili! Tupac alipigwa risasi Las Vegas, akafariki Septemba 13 mwaka huo huo. Sisemi jarida ndilo lililofyatua, la hasha. Nasema sisi wa Temeke, tusioijua New York hata kwenye ramani, tulikuwa tumeshachagua upande. Maskani kuna watu walikuwa hawasalimiani!

Halafu kuna ile picha ya taji. Mwaka 1997 mpiga picha Barron Claiborne alimpiga Biggie picha kwa ajili ya jarida la Rap Pages, amevaa taji kama mfalme. Taji lenyewe la plastiki, bei yake dola 6 tu. Puff Daddy aliogopa jamaa yake asije akafananishwa na Burger King, wale wauza baga wenye mataji ya karatasi. Muda mfupi baadaye, Machi 9, Biggie akauawa Los Angeles, na picha ile ndiyo ikawa sura yake duniani. Mwaka 2020 lile taji la plastiki liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola 594,750. Si mchezo!

Sasa sikia. Siku ile ile Biggie alipigwa pia picha akiwa anatabasamu. Iliyosambaa ni ile aliyonuna. Sura zote mbili zilikuwa zake, wachaguzi wakachukua moja.

Haya si ya Marekani peke yake. Mwaka 1998 tulikuwa kundi la watu watatu, tunarap kwa Kiswahili. Gazeti moja la hapa mjini likatutumia mpiga picha. Alitukuta tunataniana, akafoka: "Marapa gani mnachekacheka? Kunjeni sura!" Tukakunja. Wiki iliyofuata picha ikatoka. Nafasi ilikuwa ndogo, na ili itoshe wakakata upande wa kushoto. Aliyesimama kushoto ndiye aliyekuwa anatunga karibu mashairi yetu yote. Kilichobaki chake gazetini ni kiganja begani kwangu, kama mkono wa jini!

Siku ile tulicheka wote watatu. Ila shoo iliyofuata promota akatusimamisha mlangoni: "Nyie si wawili?" Akalipa wawili. Mabinti wakawa wanatuita sisi kwa majina, mwenzetu wanampita kama nguzo ya umeme. Hela tuligawana mara tatu, lakini jina halitiwi kwenye bahasha likagawanywa. Kabla mwaka haujaisha akaacha, akaenda kuuza mitumba. Mashairi yakatuishia, na kundi likafa kifo cha kawaida.

Leo kila kundi lina simu na linajipiga lenyewe. Msidhani mkasi umekufa, umehamia mikononi mwenu. Mwenye sura ya kuuza anawekwa katikati, anayepiga ngoma nyuma anakatwa ili picha ienee kwenye skrini. Basi vijana mnaoanza, kabla hamjaposti, hesabuni vichwa. Na mkiona kuna mkono usio na mwenyewe, rudieni picha.