Sauti ya Babu Ndani ya Boksi

Hapa Kikorongo, pale njia ya Bwera inapoachana na barabara kubwa ya Kasese, vijana wengi wana kiredio cha memori, kile cha betri ya simu. Kinalia kama nyuki ndani ya kopo.

Mimi nilikuwa na sababu ya kukitengeneza. Kwenye memori yangu yumo babu, nilimrekodi Beni kabla hatujavuka Mpondwe, anataja majina ya ukoo kwa Kinande. Sauti yake ni nzito, kiredio kilikuwa kinaimeza. Wadogo zangu waliokulia huku walisikia mluzi tu.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Bila ukuta katikati, hewa hizo mbili zinauana, na sauti nzito ndiyo inakufa kwanza. Basi nikafunga spika ya gari kuukuu, ya omu 4 kama ile ya mwanzo, kwenye boksi la mbao. Nyufa nikaziba kwa tyubu ya baiskeli, ndani nikatia sponji ya godoro. Sauti haikupanda sana, ilipata kifua.

Ila wimbo uliobanwa mno ili memori ibebe nyingi, hakuna boksi la kuuponya. Huo msiniletee.

Wadogo zangu sasa wanayataja majina mpaka la saba. Jirani yetu Mkonzo anawarekebisha matamshi, maana Kinande na Lhukonzo ni ndugu. Mwenye mbao aje Jumamosi na kiredio chake, misumari ninayo.