Binti mwenye macho ya kijani

Huko Misri, katika mji wa Alexandria, alizaliwa mwaka 1897 mchoraji Mahmoud Saïd. Baba yake alikuwa waziri mkuu wa nchi. Mwenyewe alisomea sheria, akawa hakimu wa mabaraza yaliyokata mashauri kati ya Wamisri na wageni. Mwaka 1947 aliacha uhakimu ili achore tu, na mwaka 1964 alifariki.

Mwaka 1931, angali hakimu, alichora picha ya «Binti mwenye macho ya kijani». Anwani ya picha haitaji jina la binti wala ukoo wake. Yataja macho tu.

Hakimu humwangalia mtu apate kujua ametenda nini. Mchoraji humwangalia apate kujua yeye ni nani. Kazi zote mbili ni njema, na bwana huyu alizifanya zote. Lakini katika parokia zetu mahakimu ni wengi, wachoraji wachache. Msichana akichelewa kufika kwenye mafundisho, nguo zake zimechakaa, huulizwa mara: «Mtoto wa nani wewe? Jana ulikuwa wapi?» Hukumu imekwisha kukatwa, na uso wake haujatazamwa bado.

Ndugu, kila uso umeumbwa kwa mfano wa Mungu. Yeye hututazama kwanza kwa mapendo. Hukumu ameiweka siku ya mwisho. Basi Jumapili, mlangoni mwa kanisa, tuwatazame binti zetu polepole, kama atazamavyo mchoraji, kisha ndipo tuulize.