Kila Mmea Una Kwao

Mzee mmoja wa Kapkatet alikusudia kung'oa chai yake, ilipayo karo ya wajukuu, apande mizabibu, kwani alikuwa amesikia sifa za mvinyo wa Dodoma. Mwanawe akamwambia: "Baba, zabibu iitwayo Chenin Blanc, ilimwayo huko, asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Kule baridi huulaza mzabibu, nao huvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi hiyo. Wakulima huupogoa, wakavuna mara mbili, kwa kuwa kiangazi chao ni kirefu. Kwetu mvua hunyesha karibu mwaka mzima: zabibu zitaoza kwa ukungu, bali chai itastawi." Mzee akaweka jembe, akatwaa kikapu, akaenda kuchuma.