Zimwi na Wenye Mienge

Wajukuu zangu hunicheka kwa sababu mzee mzima wa miaka sabini na kitu ninapenda filamu za kutisha. Huniambia, "Babu, wazee wenzako hutazama taarifa ya habari." Nami huwajibu kwamba taarifa ya habari nayo inatisha, tena haina mwisho. Basi jioni, hapa nyumbani Kemambo, mjukuu hufungua kompyuta yake, wengine hukaa mkekani, nami nikapewa heshima ya kuchagua picha.

Ugonjwa huu niliupata katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Jumamosi moja tuliwekewa projekta bwaloni, tukaonyeshwa Frankenstein, ile ya mwaka 1931 iliyoongozwa na James Whale. Msomaji aliyeiona atakumbuka: daktari anaunganisha viungo vya maiti, anapata jitu lenye uhai, halafu analiogopa na kulitelekeza. Boris Karloff ndiye aliyeigiza jitu hilo, na hakupewa hata neno moja la kusema.

Kuna mahali jitu linakutana na binti mdogo kando ya ziwa. Mtoto haogopi. Anampa maua, wanayatupa majini pamoja na kuyatazama yakielea. Kisha jitu linanyoosha mikono kumwelekea mtoto, na hapo picha tuliyoonyeshwa iliruka. Tulichokiona baadaye ni baba akipita mjini amebeba maiti ya mwanawe. Bwalo zima lilinyamaza, na kila mmoja wetu akawaza uovu wake. Wanakijiji walipotoka na mienge kulisaka lile jitu, sisi wanachuo tulipiga makofi.

Miaka mingi baadaye nilipata nakala kamili, maana kipande kile kilichokatwa kilirudishwa katika miaka ya 1980. Nikaona kilichokuwemo. Maua yalikwisha mkononi. Jitu, kwa ujinga wake, likadhani mtoto naye ataelea kama ua, likamtupa majini. Alipozama lilishtuka, likahangaika, likakimbia. Kifo kilikuwa kifo, wala simtetei yeyote, lakini mkasi uliokusudiwa kutulinda watazamaji ndio uliotufanya tuwaze mabaya kuliko yaliyokuwemo.

Watu huniuliza kama filamu za zamani zinafaa kutengenezwa upya. Mimi sina ugomvi na jambo hilo. Kila bibi husimulia hadithi ya zimwi kwa namna yake, na hakuna anayemwambia ameiba. Kinachonikera ni kunakili. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliitengeneza upya Psycho ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, karibu picha kwa picha, ila kwa rangi. Niliitazama kama ninavyosahihisha daftari la mwanafunzi aliyemwigiza jirani yake mpaka nukta. Tena si kwamba mtu yule hana uwezo. Filamu yake Milk ya mwaka 2008, inayomhusu Harvey Milk, mwanasiasa wa San Francisco aliyeishi waziwazi kama mtu anayependa wa jinsia yake na akauawa mwaka 1978, ilinishika tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa upande mwingine, Waingereza walipoirudia hadithi ya Frankenstein mwaka 1957, waliuhamisha uovu kutoka kwa jitu wakamwekea daktari. Mwaka 2025 Guillermo del Toro akalifanya jitu kuwa na ulimi wa kueleza maumivu yake, kama Mary Shelley alivyolifanya katika kitabu chake cha mwaka 1818. Hao hawakunakili. Waliuliza swali jipya, nalo ni hili: zimwi hasa ni nani?

Nilikuwa mtu mzima sana nilipojua kwamba James Whale mwenyewe alikuwa mwanamume aliyependa wanaume, na hakulificha jambo hilo Hollywood katika miaka ambayo wengi walijificha. Maisha yake ya uzeeni yalitengenezewa filamu mwaka 1998, Gods and Monsters, na Ian McKellen ndiye aliyemwigiza. Sitaki kudai kwamba jitu lile ni fumbo la maisha yake, maana wasanii hawapimwi kwa rula. Lakini tangu nijue hayo, siwezi tena kupiga makofi mienge inapowashwa.

Septemba 2018 nilikuwa Nairobi kwa binti yangu, nimekwenda kutibiwa macho. Wiki hiyo Mahakama Kuu ya Kenya iliisimamisha kwa siku saba amri ya kupiga marufuku filamu ya Rafiki, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu na kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda. Filamu ile ilikuwa imekwisha kuonyeshwa Cannes, Ufaransa, lakini Wakenya wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuiona. Binti yangu aliniuliza kwa adabu, "Baba, utaweza kukaa nami humo?" Nikamwambia nimekaa na mazimwi miaka arobaini na zaidi, sitashindwa na wasichana wawili.

Ni hadithi ya Kena na Ziki, mabinti wa wanasiasa wawili wanaoshindana katika uchaguzi, wanaopendana kama wapendavyo wanaoposana. Nilikaa nikisubiri kuchukizwa. Badala yake nilifika mahali ambapo majirani wanawavamia na kuwapiga, nikashtuka kwa sababu kundi lile nalijua. Halikuwa na mienge, lakini lilikuwa lile lile la mwaka 1931. Baba yake Kena, mtu aliyekuwa na kura za kupoteza, alisimama upande wa mwanawe. Nilitazama pembeni binti yangu asinione uso.

Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataa kuifuta marufuku ile. Mkurugenzi wa filamu alieleza kwamba wakaguzi walitaka mwisho ubadilishwe kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Nikaukumbuka mkasi wa Butimba.

Wapo watakaosema mambo hayo si yetu. Sisi Wakurya tunapaswa kuwa waangalifu na maneno kama hayo. Huku kwetu tuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake na warithi mali. Si ndoa ya mapenzi ya kimwili, ni ndoa ya ukoo na urithi. Lakini wageni wakishaona picha moja ya wanawake wawili mlangoni, hujijazia wenyewe yaliyobaki, na sisi hukasirika. Tunasema, "Kaeni kwanza, mtuulize." Basi na sisi tukae kwanza, tuulize.

Si kila filamu ya mapenzi ya jinsia moja imenipendeza. Nyingine watu wake ni mabango ya kuhubiria, na mahubiri mabaya ni mahubiri mabaya hata ukikubaliana nayo. Sheria ya nchi yetu naijua, na dini za majirani zangu naziheshimu. Ninachodai ni kidogo: filamu itazamwe nzima kabla ya kuhukumiwa. Mtu vivyo hivyo.

Nasema hivyo kwa sababu mimi sikufanya hivyo. Katika miaka ya 1980 nilikuwa mkuu wa shule moja ya bweni. Palikuwa na kijana wa kidato cha nne aliyechekwa kwa mwendo wake na sauti yake laini. Uvumi ulianza bwenini, ukaingia ofisi ya walimu. Usiku mmoja wenzake walimpiga. Asubuhi sikuwaita waliompiga. Nilimwandikia yeye barua ya kufukuzwa, "kwa ajili ya amani ya shule," na sikumuuliza swali hata moja. Mama yake alikuja kwa miguu, akasimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, mwanangu ameiba nini?" Nilimjibu kwamba uamuzi umekwisha kupita.

Kijana yule hakufanya mtihani wake wa mwisho. Sijui alikoishia. Nimeuliza kwa wanafunzi wa zamani, na hakuna aliyeweza kunipa habari.

Wajukuu wanapotaka tuirudie Frankenstein ile ya zamani, nakubali. Tunaitazama nakala kamili, na tukifika ziwani hakuna anayeruhusiwa kusogeza mbele.