Yanayongoja na Yasiyongoja

Tanga

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imefika na nimeisoma kwa makini. Unasema tasnifu ya uzamili inakaribia kwisha, siku za Hamburg zimeanza kuwa fupi, na umeazimia kwamba kabla ya mwaka kumalizika uwe umekata shauri juu ya kila kitu kwa mpigo mmoja: ubaki Ujerumani au urudi, uikubali kazi uliyodokezewa au uendelee na uzamivu, posa iliyoletwa nyumbani ijibiwe ndiyo au la. Umeniomba rai. Rai yangu ni kwamba mambo haya usiyatie katika furushi moja, kwa sababu si ya aina moja. Kuna mabadiliko ya maisha ambayo msimu wake hurudi, na kuna ambayo msimu wake ukipita umepita. Mtu akiyachanganya hupata hasara mara mbili: huharakisha lililoweza kungoja, na huahirisha lisiloweza.

Wazee wa pwani hii waliishi kwa hesabu hiyo. Kaskazi iliposhika, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, majahazi yalishuka kutoka Oman, Hadhramaut na Kachchh yakiwa na tende, nguo na samaki wa chumvi. Kusi iliposimama yalipanda na boriti za mikoko, pembe na nafaka. Lakini anayedhani kwamba upepo ukielekea uendako basi kazi ni kutweka tanga tu, huyo bahari hajaijua. Kusi ya Juni na Julai huvuma kwa nguvu mno, hata bandari za magharibi ya India zilikuwa hazipokei vyombo vya matanga miezi hiyo. Manahodha waliondoka mwanzoni mwa kusi, au walisubiri mpaka ilegee kuelekea Agosti na Septemba. Na katika maleleji, pepo zilipokuwa zikibadilishana zamu, chombo kilipandishwa pwani. Mbao zilikalafatiwa, ubavu ukapakwa sifa na shahamu, matanga yakashonwa, madeni yakadaiwa na kulipwa. Hakuna aliyewaita watu hao wavivu. Na nahodha aliyekawia akapitwa na upepo alikaa bandarini mpaka msimu mwingine. Alikosa faida ya mwaka, lakini alibaki na chombo chake na watu wake.

Msimu wa namna hiyo, unaokwenda na kurudi, haufai kulazimishwa, na ushahidi mkubwa uko katika safari ya Vasco da Gama, ambayo mashuleni husomwa kama habari ya ushujaa tu. Aprili 1498 aliondoka Malindi na rubani aliyepewa na Sultani wa mji ule, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Bahari kuu akaivuka kwa siku 23, na kabla ya mwisho wa Mei alikuwa Calicut. Huko hakuelewana na mtawala, akang'oa nanga mwishoni mwa Agosti, na mapema Oktoba akaiacha pwani ya India kabla kaskazi haijashika. Bahari ileile sasa ikamchukua karibu miezi mitatu. Upepo ulikufa siku nyingi, na ulipovuma ulimkabili usoni. Kiseyeye kikaua watu wapatao 30, na kila merikebu ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Januari 1499, baada ya kuifikia tena Malindi, watu hawakutosha kuendesha merikebu tatu, nao wakaichoma moto São Rafael kwenye pwani hii yetu, kusini ya Mombasa. Wiki chache za subira upande wa pili wa bahari zingewaokoa wengi wa watu hao.

Najua utanijibu kwamba hata hivyo alifika Lisbon, mfalme wake akatajirika, na dunia inalikumbuka jina lake. Ni kweli, lakini faida ilikwenda kwa mfalme, na gharama ililipwa na waliokuwa ndani ya merikebu. Wewe katika maisha yako huna mabaharia wa kukufia. Gharama yote ni yako. Tena tazama kilichomwondoa Calicut. Alikuwa na sababu za kweli za kuogopa, simlaumu kwa hofu, ila hofu ndiyo iliyochagua tarehe badala ya upepo. Nimeiona hofu hiyo katika barua yako: kibali cha ukaazi kitakwisha, chumba cha wanafunzi kitadaiwa, wenzako wameshapata kazi. Basi ipime kwa yaliyoandikwa, si kwa maneno ya korido. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inampa mhitimu wa chuo cha huko nafasi ya kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ajikimu. Hayo ndiyo maleleji yako, tena umepewa kisheria. Kwa nini ufanye ndani ya wiki sita, tena wiki za kumalizia tasnifu, jambo ulilowekewa mwaka mmoja na nusu?

Kosa la upande wa pili ni zito zaidi, na mfano wake ni Ibn Battuta, ambaye alianza safari akiwa mwanafunzi kama wewe. Aliondoka Tangier mwaka 1325, kijana wa miaka 21 aliyesomea sheria ya dini, nia yake kuhiji na kuongeza elimu. Kwa misimu inayorudi alikuwa mjuzi: mwaka 1331 kaskazi ilimshusha kupitia Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa, na kusi ikamrudisha Arabuni, bandari ya Dhofar. Hakulazimisha bahari. Lakini mwaka 1348, alipofika Damascus na kuuliza habari za kwao, aliambiwa kwamba baba yake amefariki miaka 15 iliyopita. Mwaka uliofuata alirudi Morocco, na alipofika mji wa Taza, karibu na nyumbani, akapata habari kwamba mama yake ameuawa na tauni. Miaka 24 ilikuwa imepita tangu awaage. Simhukumu kwa kusafiri. Bila yeye tusingekuwa na maelezo ya mtu aliyeiona Kilwa ya karne ya 14 kwa macho yake. Ninachokiona ni jinsi jambo lenyewe lilivyomfika. Kila mwaka palikuwa na msafara wa kuelekea magharibi, na kila mwaka palikuwa na chombo, kwa hiyo kila mwaka ulikuwa rahisi kuahirishwa. Uhakika wa kwamba njia itakuwapo mwakani ulificha kwamba watu walio mwisho wa njia hawana uhakika huo.

Utasema yeye hakuwa na simu, na wewe unamwona mama yako kwenye kioo kila Ijumaa. Hilo nimelitafakari sana, na naona simu inaweza kuzidisha kosa badala ya kulitibu. Ibn Battuta angalau alijua kwamba hajui. Wewe unaona uso, unasikia sauti, unaamini habari zimekamilika, kumbe huoni anavyoshika ukuta akitoka barazani, wala yeye hatakuonyesha. Umri wake umepita 70. Sisemi haya kukutisha, wala sisemi ufunge mizigo urudi moja kwa moja. Kurudi kabisa ni jambo la aina ya kwanza, linaweza kungoja. Kuja kumwona ndilo la aina ya pili.

Kuna pingamizi lenye nguvu zaidi, ambalo umelidokeza mwenyewe: kwamba misimu ya baharini ilikuwa na utaratibu na ya maisha ya siku hizi haina, tena hata masika yenyewe yamekuwa hayatabiriki. Hapa lazima tuwe waangalifu. Manahodha hawakuwa na tarehe iliyoandikwa. Walikuwa na dalili, na walijiachia nafasi ya wiki kadhaa mbele na nyuma. Watu wa pwani walifanya zaidi ya hapo. Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 hivi, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote na haimwambii mkulima wakati wa kupanda. Kando yake wakaweka mwaka wa jua wa siku 365, unaoanzia Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, wa kilimo na safari, na watu wa Makunduchi wangali wanaupokea kila Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Hawakuitaka kalenda ya ibada ifanye kazi ya kalenda ya bahari. Wewe umeiachia kalenda ya chuo ipange maisha yote. Kwa mambo ya masomo na ajira kalenda hiyo ni ya kuaminika kuliko pepo zetu: muhula wa kiangazi huanza Aprili, wa baridi huanza Oktoba (wa kwanza karibu sawa na kusi, ajabu iliyonifurahisha), na nafasi za uzamivu hutangazwa mwaka baada ya mwaka. Ila haijui chochote kuhusu ndoa wala kuhusu wazazi, na usiiulize.

La fedha sitalipita kimya, kwa kuwa kungoja bila akiba ni kukwama. Bandarini mabaharia walikula walichobeba na wakafanya vibarua. Andika kodi, bima ya afya na nauli kwa miezi sita, uone upungufu ni kiasi gani, kisha tafuta kazi ya muda bila kuona haya. Na kazi ya maleleji ifanyike kweli: vyeti vitolewe nakala zilizothibitishwa, barua za wasimamizi wako ziombwe wangali wanakukumbuka, sura moja ya tasnifu igeuzwe makala, na utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania wa kutambua shahada za nje uujue mapema, ili uamuzi wa kurudi ukija usikute makaratasi yamelala.

Nyongeza moja inahusu giza. Umetoka mahali ambapo usiku na mchana hugawana karibu sawasawa mwaka mzima. Hamburg mchana wa Juni hufika saa 17 na wa Desemba hushuka mpaka saa saba na nusu hivi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal, aliyehama Afrika Kusini kwenda Marekani na kuona nguvu zake zikipungua kila majira ya baridi, alieleza pamoja na wenzake ugonjwa wa huzuni unaofuata misimu na jinsi mwanga unavyoutibu. Kwa hiyo ukijikuta Desemba unaona nchi ile haikufai, au kwamba wewe hufai popote, kumbuka kwamba mwili nao unatoa rai, na rai yake ya Desemba si ya Mei. Suala la kubaki au kurudi lisikatwe katika wiki za giza zaidi. Na huzuni ikikuzidi, nenda kwa daktari wa chuo, si jambo la kuficha.

Basi ningefanya hivi mahali pako. Tasnifu kwanza, na mpaka uikabidhi usiamue lolote jingine. Kibali cha kutafuta kazi kiombwe kabla cha masomo hakijaisha. Kazi uliyodokezewa waulize waziwazi siku ya mwisho ya kujibu; wasipokuwa nayo, usijitungie. Uamuzi wa uzamivu uache mpaka Aprili. Kuhusu posa, kijana wa watu asiwekwe roho juu: wazazi wake waambiwe kwa adabu kwamba jibu litatoka baada ya nyinyi wawili kuonana ana kwa ana, na waambiwe mwezi. Akikataa kungoja kiasi hicho, hilo nalo ni jibu. Tiketi ya kuja nyumbani ikatwe sasa, ya wiki tatu, mara tu baada ya kukabidhi, hata kama kila kitu kingine hakijatulia. Nauli ikipungua niandikie wiki hii bila kuona haya, maana bei za kuelekea mwisho wa mwaka hupanda haraka, nami nitashirikiana na wajomba zako wengine.

Mungu akuhifadhi.

Mimi mjomba wako